Kubadili ncha ya sindano hakutoshi: damu yenye VVU hubaki kwenye bomba, kwenye maji na kwenye kijiko

Mpima_Damu (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu.

"Msichangie sindano" ni onyo ambalo karibu kila mtu amelisikia. Tatizo ninalokutana nalo ni kwamba wengi wakilisikia wanawaza ile ncha ya chuma peke yake. Mtu anakuambia kwa dhati kabisa kwamba yeye hachangii, ana ya kwake. Ukiendelea kumuuliza unakuta bomba wametumia wawili na kilichobadilishwa ni ncha tu, au kila mmoja ana sindano mpya lakini wote wamevuta dawa kwenye kijiko kimoja na kusuuza kwenye kikombe kimoja. Huyo mtu hajakudanganya. Hakuna aliyekaa naye akamweleza.

Nafanya kazi maabara, kwa hiyo naomba nieleze damu inavyosafiri. Ukishaielewa njia yake hutahitaji kukariri makatazo.

Anayejidunga kwenye mshipa huvuta kisukumio nyuma kidogo ili aone kama damu inaingia, maana ndivyo anavyojua kwamba ameupata mshipa. Damu hiyo haiishii kwenye ncha. Inapanda hadi ndani ya bomba, inachanganyika na dawa, ndipo anasukuma. Hata akisukuma mpaka mwisho, kuna nafasi ndogo inabaki pale ncha inapochomekwa kwenye bomba, na humo damu husalia. Mabomba ambayo ncha yake inachomoka yana nafasi kubwa, makumi ya mara kuliko vile vibomba vidogo vya insulini ambavyo ncha imeshikamana na bomba moja kwa moja. Sasa mtu akichomoa ncha akachomeka mpya, damu ya mwenzake bado ipo palepale, na itapita kwenye hiyo ncha mpya kuingia mwilini mwake.

Kuna wanaosema VVU hufa ndani ya dakika chache vikitoka mwilini. Damu iliyodondoka mezani ikakauka, kweli nguvu ya virusi hushuka sana. Ndani ya bomba hali ni nyingine, kwa sababu damu imefungiwa, haikauki na hewa haiifikii. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha matokeo ya kuhifadhi mabomba yenye mabaki ya damu yenye virusi. Kwenye baridi waliweza kupata virusi hai hata baada ya siku 42. Joto likipanda muda huo hupungua sana. Lakini fikirini: anayempokezana na mwenzake hangoji siku wala saa. Bomba linatoka mkono mmoja kwenda mwingine damu ikiwa bado ya moto.

Halafu kuna vitu ambavyo havichomi mtu, kwa hiyo hakuna anayevihofia. Mtu amejidunga, anasuuza bomba lake kwenye kikombe cha maji. Anayefuata anachota maji hayohayo kuyeyushia dawa yake. Au bomba lililotumika linarudishwa kwenye kijiko au kizibo kuvuta kilichobaki, na mabaki ya damu yanaingia kwenye dawa ya wote. Pamba ya kuchujia nayo inafyonza, inakaa na unyevu, kisha inakamuliwa na mwingine. Na kuna kugawana dawa kwa kuisukuma kutoka bomba la mmoja kwenda bomba la mwenzake. Hapo kila mtu ana sindano yake na bado mmoja amempa mwenzake damu.

Kuhusu ukubwa wa hatari, kadirio linalotumiwa na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ni maambukizi 63 kwa kila mara 10,000 ambazo mtu amejidunga kwa sindano iliyotumiwa na mwenye VVU. Yaani kama mara moja kwa kila 160. Mtu akiisoma peke yake anaweza kuona ni ndogo. Chukueni sasa mtu anayejidunga mara kadhaa kwa siku. Akifikisha mara 100 za namna hiyo, kwa hesabu hiyohiyo, uwezekano wa kuwa ameambukizwa unakaribia nusu. Tena hilo ni la wastani. Mtu aliyeambukizwa wiki chache tu zilizopita ana virusi vingi mno kwenye damu, wakati kipimo cha haraka bado kinaweza kusema hana.

Karibuni tuelimishane. Maswali yote ni halali hapa, na naomba asibezwe mtu.

Nesi_wa_Zamu

Asante sana mkuu. Naongezea upande wa matibabu, kwa sababu wengi wanadhani jambo hili linawahusu wanaojidunga dawa za kulevya tu. Kosa la kubadili ncha na kubaki na bomba lilelile limeua watoto.

Romania, utawala wa dikteta Ceaușescu ulipoanguka mwishoni mwa 1989, iligundulika kwamba zaidi ya watoto 1,000 walikuwa na UKIMWI, wengi wao wa vituo vya kulelea yatima na wa hospitali. Walikuwa wakiongezewa damu kidogo kidogo na kuchomwa sindano ambazo hazikuwa salama. Mwaka 2014 kwenye eneo la Roka, Kambodia, watu zaidi ya 200 walikutwa na VVU, wakiwemo watoto na wazee, na mtu aliyekuwa akiwatibu bila leseni alihukumiwa kifungo kwa kutumia vifaa vilevile kwa mgonjwa zaidi ya mmoja. Mwaka 2019 huko Ratodero, Pakistani, mamia ya watoto walikutwa na virusi ambavyo wazazi wengi hawakuwa navyo. Mtoto ana VVU na mama hana, kwa hiyo njia ya mama kwenda kwa mtoto haipo. Unabaki kuuliza kuhusu sindano.

Mtoa huduma anaweza kabisa kuamini kwamba anafanya vizuri. Anamchoma mgonjwa, anabadili ncha, anarudisha bomba kwenye kichupa kikubwa cha dawa kuvuta dozi ya pili. Pale ncha mpya inapoingia kwenye kichupa, mabaki yaliyomo kwenye bomba yanaweza kuingia humo pia. Kuanzia hapo, hata wagonjwa watakaochomwa kwa sindano na bomba jipya kabisa wanapata dawa iliyotoka kwenye kichupa chenye damu ya mtu. Mlija wa dripu ni hivyohivyo. Kuuacha mlija na kubadili sindano ya mwisho inayoingia kwa mgonjwa ni kujidanganya.

Habari njema ipo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2000 sindano zisizo salama za matibabu zilisababisha maambukizi mapya 260,000 ya VVU. Kwa mwaka 2010 kadirio lilishuka hadi kama 33,800 kwa upande wa juu. Sababu mojawapo ni mabomba yanayojifunga yenyewe baada ya kutumika mara moja, ambayo hata ukitaka kuyarudia hayakubali. Kwenye chanjo, shirika hilo (WHO) pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya UNICEF na UNFPA walitoa tamko la pamoja mwaka 1999 wakitaka chanjo zote zitolewe kwa mabomba hayo ifikapo mwisho wa 2003. Kwa hiyo mzazi asiogope kumpeleka mtoto chanjo kwa sababu ya uzi huu, tafadhali sana.

Haki yako kama mgonjwa ni kuona pakiti inafunguliwa mbele yako, bomba na sindano vyote viwili. Omba kwa adabu, lakini omba. Na uliza kama dawa hiyo ipo ya vidonge. Sindano nyingi zinachomwa kwa sababu mgonjwa anaamini sindano ndiyo tiba yenye nguvu, wakati kidonge kingemponya vilevile.

Mjukuu_wa_Bibi

Samahani Nesi, umenishtua. Baba na shangazi yangu wote wana kisukari. Wanatumia kalamu ya insulini moja, wanagawana kwa sababu aina ya insulini ni ileile. Kila mtu anaweka ncha yake mpya kabla ya kuchoma. Tulijua wako salama kabisa.

Nesi_wa_Zamu

Mjukuu, umefanya vyema kuuliza. Waache kugawana kalamu leo hii. Kalamu ya insulini ni ya mtu mmoja tu, hata kama ncha inabadilishwa kila mara. Wakati wa kuchoma, damu au seli za mwili zinaweza kurudi nyuma kupitia ncha na kuingia kwenye kile kichupa kilichomo ndani ya kalamu. Kwa macho hutaona chochote. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu jambo hili mwaka 2009 baada ya kugundulika kwamba wagonjwa wengi walikuwa wamechomwa kwa kalamu za pamoja.

Na kile kifaa cha kutobolea kidole kupima sukari pia kila mtu awe na chake. Hapo hofu kubwa zaidi ni homa ya ini aina ya B, maana virusi vyake ni vigumu kufa na huambukiza kwa urahisi kuliko VVU. Kaa na baba na shangazi, uwaeleze taratibu bila kuwatisha, kisha waende wapimwe wote wawili VVU na homa ya ini B na C. Uwezekano mkubwa ni kwamba wako salama. Ila wapime, wajue.

Mjukuu_wa_Bibi

Nimekuelewa. Nitaanza na shangazi, yeye ndiye baba anamsikiliza.

Mwelimishaji_Rika

Nimesoma yote. Mimi kazi yangu ni kuwafuata wanaojidunga huko huko walipo, maskani, kuongea nao. Mpima_Damu ameeleza sayansi vizuri, nami nieleze kwa nini mtu anayejua yote haya bado anachangia.

Arosto. Mtu ambaye mwili wake umezoea heroini akikosa dozi anatapika, anaharisha, mifupa inauma, jasho linamtoka, hawezi kulala. Ukimkuta katika hali hiyo, dawa ipo na bomba lililopo ni la mwenzake, usitegemee kwamba bango la afya litamzuia. Atatumia kilichopo. Kwa hiyo swali la maana ni kwa nini bomba jipya halikuwepo karibu naye saa ile.

Mara nyingi halikuwepo kwa sababu anaogopa kulibeba. Akikutwa nalo anakamatwa. Au anaogopa kwenda kulinunua kwa jinsi anavyotazamwa. Mji wa Edinburgh, Uskoti, ulipitia hili mwanzoni mwa miaka ya 1980. Upatikanaji wa sindano ulibanwa, polisi wakawa wanawanyang'anya watu walizonazo, na kundi kubwa likawa linazungusha sindano chache. Kipimo cha VVU kilipopatikana, wagonjwa wa kliniki moja waliokuwa wakitumia heroini walipimwa, na utafiti uliochapishwa mwaka 1986 ukaonyesha kwamba nusu yao wameambukizwa. Glasgow ni mwendo mfupi tu kutoka hapo, heroini ilikuwepo pia, na kiwango kilikuwa chini mno.

Miaka 30 baadaye, kaunti ya Scott, jimbo la Indiana, Marekani. Hawa hawakuwa wa heroini hata. Walikuwa wakisaga vidonge vya maumivu vya oksimofoni na kujidunga. Kaunti nzima ilikuwa ikipata wagonjwa wapya wa VVU wasiofika watano kwa mwaka. Kuanzia mwishoni mwa 2014 wakaanza kuonekana mmoja baada ya mwingine, na hatimaye wakapita 200, wengi kutoka kwenye mji mdogo wa Austin wenye wakazi kama 4,000. Karibu wote walikuwa na homa ya ini C pia. Hiyo homa ya ini ilikuwa imetangulia, na ingetosha kuwa kengele kwamba watu wanachangia vifaa, lakini hakukuwa na wa kuisikiliza. Kugawa sindano safi kulikuwa ni kinyume cha sheria jimboni humo hadi gavana alipotangaza hali ya dharura Machi 2015.

Na wanawake wako kwenye hatari ya pekee. Mara nyingi mwanamume ndiye anayemdunga mwenza wake, na hujidunga yeye kwanza. Mwanamke anakuwa wa pili kwenye bomba, kila siku.

Mzee_wa_Kigoda

Wanangu, nimewasoma kwa makini na nawashukuru kwa elimu. Lakini lipo jambo siwezi kulinyamazia. Mnaposema wapewe sindano safi, mimi mzazi nasikia mnawaambia vijana waendelee. Mimi nimezika mtoto wa ndugu yangu kwa ajili ya unga. Ningependa kusikia mnavyowatoa huko, badala ya kuwarahisishia.

Mwelimishaji_Rika

Shikamoo mzee. Pole sana kwa msiba huo.

Sikusudii kukubishia maumivu yako. Naomba tu nikueleze kinachotokea pale sindano safi zinapotolewa. Kijana anakuja kurudisha zilizotumika na kuchukua mpya. Akija mara ya kwanza haongei. Akija tena tunajua jina lake. Baadaye anauliza kuhusu kidonda cha mkononi, anapimwa VVU, na siku moja anauliza mwenyewe habari za methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini. Asingekuwa na sababu ya kuja, nisingekutana naye kamwe. Huduma ya kubadilishana sindano ilianza Amsterdam, Uholanzi, mwaka 1984, ikianzishwa na chama cha watumiaji wenyewe waliokuwa wakihofia homa ya ini B. Tangu hapo tafiti nyingi zimefanyika nchi mbalimbali, na hazijaonyesha kwamba huduma hiyo huongeza idadi ya wanaojidunga.

Hiyo methadoni ndiyo jibu la ulichouliza, mzee. Inanywewa, haidungwi. Inaondoa arosto, mtu anarudi kazini na nyumbani kwake. Uchambuzi uliokusanya tafiti mbalimbali na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba hatari ya kuambukizwa VVU kwa walio kwenye tiba hiyo ilipungua kwa zaidi ya nusu. Ila tiba inamfaa aliye hai, na akiwa hana VVU ni bora zaidi. Sindano safi inamvusha mpaka siku atakapokuwa tayari.

Mzee_wa_Kigoda

Marahaba mwanangu. Kuhusu methadoni nakubaliana nawe. Hili la sindano bado ni zito kwangu, siwezi kukuficha. Nitaendelea kulitafakari.

Fundi_Mabomba

Swali kwa Mpima_Damu. Kuna wanaopitisha ncha kwenye moto wa kiberiti, wengine wanaifuta kwa spiriti, wengine wanasuuza na jiki. Ipi inafaa?

Mpima_Damu

Moto na spiriti tuviweke pembeni kabisa. Mwali unachoma nje ya ncha na kuacha masizi, ila tundu la ndani na bomba, ambako damu imejificha, haviguswi. Spiriti ya kufutia nje ni vilevile. Inasaidia kusafisha ngozi kabla ya kuchoma, basi.

Jiki ni habari tofauti kidogo. Klorini inaua VVU ikikifikia kirusi. Kwa aliyekwama kabisa, hana bomba jipya na hawezi kusubiri, maelekezo ya wataalamu ni haya: vuta maji safi ujaze bomba, tikisa, mwaga mbali na maji ya kuchota, rudia mpaka usione damu. Kisha vuta jiki isiyochanganywa na maji, ijae, itikise na kuiacha humo sekunde 30 au zaidi, mwaga. Maliza kwa kusuuza na maji mengine mapya ili jiki isiingie mwilini. Hii inapunguza hatari. Haiifuti, kwa sababu damu ikishaganda pembeni klorini inashindwa kupenya, na kwa homa ya ini C haitegemeki. Kijiko na pamba havioshwi kwa njia hii, hivyo kila mtu awe na vyake.

Jambo lingine ambalo halisemwi vya kutosha: kwa anayejidunga na hana VVU, kuna vidonge vya kujikinga, PrEP. Utafiti uliofanyika Bangkok na kuchapishwa mwaka 2013 ulihusisha watu wanaojidunga dawa, na kidonge cha tenofovia kila siku kilipunguza maambukizi kwa karibu nusu. Waliomeza bila kurukaruka walipata kinga kubwa zaidi. Homa ya ini C havizuii, kwa hiyo bomba jipya linabaki kuwa muhimu.

Tumaini_Jipya

Mimi ninaishi na VVU, natumia ARV vizuri na vipimo vinaonyesha virusi vimefubaa, havionekani kwenye kipimo. Nimeambiwa siwezi kumwambukiza mwenza wangu kwa ngono. Je, kwa sindano ni hivyohivyo?

Mpima_Damu

Hongera kwa kushika dawa, dada au kaka. Kwa ngono ulichoambiwa ni sahihi kabisa. Kwa sindano, wataalamu wanakubali kwamba virusi vikifubaa hatari inapungua, lakini ushahidi wa kusema imefika sifuri kama kwenye ngono haupo. Bomba hubeba damu yenyewe na kuiingiza moja kwa moja kwenye mshipa wa mwingine. Kwa hiyo ARV ziendelee na vifaa viwe vya mtu mmoja. Isitoshe, ARV zako hazimlindi mwenzako dhidi ya homa ya ini C kama unayo, na wewe hazikulindi na ya kwake.

Msafi_wa_Jengo

Jamani naomba msaada haraka. Jana jioni nilikuwa nakusanya taka kazini, sindano ikanichoma kidole kupitia mfuko. Damu ilitoka. Sijui sindano ni ya nani. Nimeikamua damu sana na nimemwagia spiriti. Sijalala.

Nesi_wa_Zamu

Pole sana. Usikamue tena, usikikate kidole wala kumwagia jiki. Kuumiza ngozi hakutoi virusi. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, halafu toka sasa hivi uende kituo cha afya kinachotoa dawa za ARV. Waambie umechomwa na sindano iliyotumika na unataka PEP. Ni dawa za kuzuia VVU visijishike mwilini. Zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake, kwa hiyo usisubiri eti bado una muda. Utazimeza kila siku kwa siku 28. Watakupima VVU kwanza kujua hali yako ya leo. Waulize pia kuhusu chanjo ya homa ya ini B kama hukuwahi kuchanjwa, hiyo nayo inafanya kazi hata baada ya kuchomwa ikiwahi. Na mjulishe msimamizi wako iandikwe, ni ajali ya kazini.

Mpima_Damu

Wakati unaelekea huko, hizi takwimu zikupunguzie mzigo. Kwa wahudumu wa afya waliochomwa na sindano yenye damu ya mtu ambaye imejulikana ana VVU, walioambukizwa ni kama 23 kwa kila 10,000. Hatari hupanda kama sindano ilitoka kwenye mshipa wa mgonjwa muda uleule, kama jeraha ni refu kwenda ndani, kama damu inaonekana kwenye sindano, au mgonjwa ana virusi vingi. Sindano iliyokaa kwenye taka kwa kawaida iko chini ya hapo, na kuambukizwa VVU kwa njia hiyo ni nadra mno. Hata hivyo nenda. Mtaalamu ndiye atakayepima kama dawa zinahitajika, si sisi.

Mwelimishaji_Rika

Na tafadhali, mnaojidunga mnaosoma hili kimyakimya: PEP ni yenu pia. Mtu akitambua leo kwamba bomba alilotumia jana lilikuwa la mwenzake, anaenda na kusema hivyo. Wapo wanaodhani dawa hizo ni za manesi na waliobakwa tu. Ukihofia kwenda peke yako, nenda na mwelimishaji rika.

Baada ya kutumia, ncha usiirudishie kifuniko kwa mikono miwili, ndipo vidole vinapochomwa. Itumbukize na bomba lake kwenye kopo gumu lenye mfuniko, lisilotoboka. Likikaribia kujaa lipeleke kituo cha afya. Kilichompata Msafi kingezuilika hapo.

Msafi_wa_Jengo

Nimerudi. Nilipimwa, sina maambukizi, na wamenianzishia dawa pamoja na chanjo ya ini. Msimamizi ameandika taarifa na ameahidi glavu nene. Tumbo linanichafuka kidogo ila naendelea. Nina maswali mawili. Nikimaliza dawa nipime lini ili niamini? Na mke wangu nimfiche au nimwambie? Nahofia atafikiri mengine.

Nesi_wa_Zamu

Umefanya vizuri sana kuwahi. Kichefuchefu ni cha kawaida siku za mwanzo, jaribu kumeza baada ya kula, na kikikuzidi rudi wakusaidie, usiache dawa mwenyewe. Kipimo cha leo kimeonyesha hali yako ya kabla ya ajali. Utapima tena kati ya wiki ya nne na ya sita, kisha mwezi wa tatu tangu kuchomwa. Cha mwezi wa tatu kikisema huna, basi huna. Dawa za PEP zinaweza kuchelewesha kipimo kuonyesha, ndiyo maana usiridhike na cha mapema peke yake. Homa ya ini C nayo waombe wakupime kwa ratiba yao, na chanjo ya B urudi kumalizia dozi zilizobaki.

Mke wako mwambie, na nenda naye kituoni mkaelezwe pamoja, cheti cha ajali ya kazini ukiwa nacho mkononi. Mpaka kipimo cha mwisho mtumie kondomu, na usitoe damu kwa mtu mwingine.

Msafi_wa_Jengo

Sawa Nesi. Tunaenda wote Jumatatu.